Shoka Ambalo Halijakata Kitu

Mashoka yale yalikuja mwezi wa nne, barabara ikiwa tope tupu la theluji iliyoyeyuka, ndani ya maboksi yaliyofungwa kwa utepe wa plastiki. Niliyashusha mimi kwa mikono yangu, na hilo nalisema mapema nisije nikajifanya msafi. Torbjörn wa Mångs aliniomba msaada, nami ni jirani yake. Shamba langu la Bäcks linapakana na la kwake kule mtoni, na kwetu jirani akikuita kushusha mzigo huulizi mzigo wa nini. Tulipofungua boksi la kwanza ikatoka harufu ya mafuta ya mashine yaliyochacha. Ile plastiki ikaninata vidoleni. Nikaona kinyaa kabla hata sijajua sababu.

Shangazi yake, Gunhild, alitoka kwenye nyumba yake ndogo karibu na geti, kavaa aproni ya ngozi ya marehemu baba yake. Alikuwa na miaka sabini na minne na mgongo ulionyooka kuliko wangu. Akachukua shoka moja, akaligeuza. Lilikuwa jeusi, na mashavuni lilikuwa na vishimo vya nyundo, kama shoka lililofuliwa na mtu mbele ya moto. Gunhild akapitisha kidole kwenye vile vishimo, midomo ikimchezacheza. Akachukua la pili akafanya vilevile. Akachukua la tatu.

"Emrik," akaniambia, "mhunzi huyu ana mkono wa ajabu. Kapiga nyundo mara kumi na moja, na kila shoka kapiga palepale."

Nikatazama, na kweli ilikuwa hivyo. Mashine ilikuwa imevibonyeza vile vishimo ili vionekane kama jasho la mtu. Weusi nao ulikuwa rangi tu, ukikwaruza kwa ukucha unabanduka kama ukoko wa kidonda.

"Yametoka wapi haya?" Gunhild akauliza.

"Mbali," akasema Torbjörn. "Mbali si dhambi, shangazi."

"Sijasema dhambi. Nimeuliza wapi."

Torbjörn akajifanya anahangaika na utepe. Huyu kijana, kama mtu wa miaka arobaini na moja bado ni kijana, alikulia mjini Gothenburg. Alirudi kurithi shamba baba yake alipofariki, akaja na ndevu alizozisuka na kuzitia shanga, na mkononi kachora runi toka kiwikoni hadi kwenye kifundo. Siku ya kwanza Gunhild aliushika ule mkono akausoma polepole kwa miwani yake, kisha akamwambia, "Mwanangu, hapa umeandika kikohozi." Mimi nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka.

Maana Gunhild anazisoma. Runi ni herufi zetu za zamani, za mistari iliyonyooka isiyo na duara, zilizotengenezwa ziandikike kwa kisu. Kwingine kote nchini ziliachiwa wasomi karne nyingi zilizopita, lakini katika parokia yetu bibi zetu walikuwa bado wanaziandika kwenye mabakuli ya siagi na kwenye kuta za vibanda vya malisho ya kiangazi: nani kachunga hapa, ng'ombe gani kazaa, mvua imekuwaje. Gunhild alizipata kwa bibi yake akiwa na miaka saba. Alipofika kumi na miwili baba yake, Per mhunzi, macho yakaanza kumharibika kwa moto, na binti akachukua tindo.

Na kazi ya tindo pale Mångs haikuwa mapambo. Wanaosema mapambo wananikera. Per alikuwa akikufulia shoka, unaondoka nalo likiwa tupu, halina hata mstari. Unaingia nalo msituni msimu mzima wa baridi, unapiga misonobari iliyoganda hadi inalia kama jiwe. Theluji ikiyeyuka unalirudisha. Kama makali yamemeguka au yamejikunja, shoka linarudi motoni na hakuna anayelizungumzia. Kama yamesimama, unasema hivyo mbele ya watu, na hapo ndipo Gunhild anaweka tindo shavuni, kando ya tundu la mpini ambako chuma ni laini bado, anagonga alama ya nyumba ya Mångs: mstari mmoja wima na miwili ya kuuegemea. Chini yake runi, shoka likisema lenyewe. Langu linasema: *Mångs walinifua. Emrik alinishika. Nimekata.*

Langu lilirudi mara mbili kabla ya kupata alama. Nikimkumbusha Gunhild kwamba baba yake alikosea mara mbili, ananijibu, "Baba hakukosea. Wewe ulikuwa unakata mawe." Miaka hamsini tunabishana hilo.

Alama yenyewe ni ya shamba, si ya damu. Jina pia. Kwetu jina la shamba hutangulia la mtu: Mångs Gunhild, Bäcks Emrik. Mwanamume akioa akahamia kwa mkewe, anavaa jina la kwa mkewe, na la kwao analiacha kama anavyoacha jiko. Hakuna anayelia. Binamu yangu amebadilisha jina mara tatu na bado ni mlevi yuleyule. Gunhild hakuolewa, hakuhama, kwa hiyo alikuwa Mångs tangu kuzaliwa, na ile nyumba ndogo ya getini ilikuwa haki yake ya kukaa hadi kufa.

Basi jioni ya siku ile ya maboksi tulikaa jikoni kwake, watu watatu, kahawa na mkate mwembamba wenye siagi. Torbjörn akaeleza. Anataka kila shoka liwe na alama ya nyumba na maneno ya runi kabla ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, soko likifunguliwa. Maneno keshayachagua, kwa jina la mungu wa kale wa huku: Nguvu za Odini.

"Nani anamwomba Odini hapa?" akauliza Gunhild. "Miaka elfu hatujamwona. Hata Mungu wa mchungaji hatumwombi ipasavyo."

"Watalii wanapenda, shangazi."

"Na alama? Hayajakata hata ukuni mmoja haya."

"Nani atajua?"

"Mimi."

Torbjörn akaweka kikombe chini. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichefua zaidi, maana alikuwa na haki. "Alama ni ya shamba. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Na shamba sasa ni la nani?"

Gunhild akakusanya makombo ya mkate mezani kwa kidole. Mila ndiyo hiyo hiyo aliyoilinda maisha yake yote, na sasa ilikuwa imekaa upande wa pili wa meza na shanga kidevuni.

"Usipotaka, sawa," Torbjörn akaendelea. "Kuna jamaa mjini ana mashine ya mwanga wa leza, inachoma alama kwa sekunde nne. Lakini nilitaka iwe ya mkono. Kwa heshima yako."

"Kwa heshima yangu," akarudia Gunhild. Kisha akasukuma kikombe pembeni: "Nitagonga. Ila maneno nachagua mimi."

"Andika unachotaka. Hakuna anayesoma."

Wiki saba aligonga. Nilikuwa nikipita kila siku, nakaa kwenye gogo la fuawe namtazama. Chuma kile kilikuwa kibaya, hapa laini kama jibini na hapa kigumu kama kokoto, tindo linateleza, rangi inaruka vipande vinamwingia mdomoni. Alikuwa akitema. Akimaliza siku ananawa mikono kwa sabuni mara tatu, ananusa, ananawa tena. Nilimuuliza ameandika nini, akanisogezea moja nisome. Mimi runi nazisoma kama mtoto, kwa kidole. Chini ya alama ya nyumba palikuwa na maneno haya: *Mångs hawakunifua. Sijakata kitu.*

Nilicheka hadi machozi.

"Usicheke," akasema. "Alama haijadanganya, ndiyo maana yake. Ameitaka iwepo, ipo. Lakini imesimama karibu na ukweli. Naweza kulala."

"Na wanunuzi?"

"Wanunuzi wanataka kitu cha kutundika ukutani. Wakitundika ukweli, hautawadhuru."

Nikamwambia njia ya mwongo ni fupi, utaona. Niliamini hivyo. Niliona fahari kubwa sana kulijua hilo jambo, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia, kwa sababu mimi nina mdomo.

Siku ya soko Torbjörn alisimama nyuma ya meza na kofia ya plastiki yenye pembe kichwani. Hakuna mtu wa kale wa huku aliyewahi kuvaa pembe, hata mbuzi wetu wanazionea haya. Watalii walikuwa wamejaa, watoto wanalamba sukari za rangi, mtu anapuliza baragumu bila sababu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na Torbjörn alikuwa akijitembeza kwa sauti: yamefuliwa kwa mkono, alama ya ukoo, runi za siri. Mama mmoja akamuuliza maneno yanasemaje. "Nguvu za Odini," akajibu, uso mkavu. Ningeweza kwenda zangu kununua samaki wa moshi, kama mtu mwenye akili.

Badala yake nikamfuata mwalimu Signe. Ni mwalimu mstaafu wa kijiji cha Åsen, mwenye sauti iliyozoea ua la shule, na runi alizipata kwa babu yake. Nikamshika mkono nikamleta hadi mezani, nikamwekea shoka mikononi. "Mwalimu, hebu tusomee. Kwa sauti."

Signe akasoma. Akasimama. Akavaa miwani vizuri akasoma tena, mara hii kama anavyosoma mbele ya darasa: "Mångs hawakunifua. Sijakata kitu."

Watu wakageuka. Torbjörn akawa mweupe, kisha mwekundu. Nilifurahi jamani, nilifurahi kama mtu aliyelipiwa. Mama yule akauliza, "Mengine je?" Signe akachukua jingine, na jingine. "Yote yanasema hivyo hivyo. Yote yanakiri."

Kisha bwana mmoja mwenye simu akaanza kucheka. Kicheko kizuri, cha furaha. "Shoka linalokiri," akasema. "Nipe mawili." Na mwingine nyuma yake. Na yule mama. Wakaanza kusukumana. Signe akashikwa asome mbele ya simu, asome tena, pole pole. Torbjörn alisimama kidogo akiwatazama, nikaona kabisa jinsi uso wake ulivyobadilika. Hakuona aibu. Alikuwa akipiga hesabu. Akanyanyua shoka juu ya kichwa chake chenye pembe akapaza sauti: "Shoka pekee nchini lisilosema uongo!"

Hadi saa tisa meza ilikuwa tupu. Nilirudi nyumbani nikatapika. Nadhani ni samaki, lakini sikuwa nimekula samaki.

Wiki iliyofuata nilikuwa kwa Gunhild, namwomba radhi kwa mara ya tatu au ya nne, Torbjörn alipoingia na keki ya krimu. Alikuwa amevaa fulana nyeupe, na kifuani, kwa runi kubwa nyeusi, imeandikwa Sijakata kitu. Ule ulikuwa mwandiko wa Gunhild. Ile mistari yake inayoegemea kidogo kushoto, kwa sababu ya kidole alichovunja utotoni, ilikuwepo kifuani kwa yule mtu, imenyooshwa na tumbo lake.

"Shangazi, wewe ni fundi wa biashara na hukuniambia," akasema, akikata keki. "Watu wanaandika toka kila mahali. Nimeagiza maboksi mengine. Na usihofu, hutagonga tena, najua mkono unakuuma. Nimepiga picha ya runi zako na alama, yule jamaa wa mashine ataichoma hivyo hivyo. Sekunde nne. Huwezi kutofautisha."

Gunhild alikuwa akiitazama fulana. Nimemjua maisha yangu yote. Nilimwona akimzika baba, akimzika kaka, sikuwahi kumwona na uso ule. Ni uso wa mtu aliyeuma tunda akakuta nusu ya funza.

"Hukuona aibu," akamwambia. Hakuwa anauliza.

"Aibu ya nini? Ni kweli tupu. Wewe ndiye uliyeandika."

"Ondoa keki yako mezani kwangu."

"Shangazi, jamani."

"Iondoe, Torbjörn."

Akaiondoa, anacheka kidogo, ananikonyeza mimi kama vile wanaume tunaelewana. Laiti ningekuwa na kitu mkononi. Alipotoka nikaanza tena: kosa langu, mdomo wangu, nilitaka tu aumbuke.

"Mtu huumbuka kama anayo aibu, Emrik," akasema. "Wewe ulimkopesha ya kwako ukidhani inamtosha. Mimi ndiye mjinga zaidi. Nilidhani ukweli ukiuweka karibu na uongo, uongo unapata haya. Kumbe ukweli ndio unaochafuka."

Akainuka akaenda nyuma ya mlango, akalitoa shoka la baba yake. Lilikuwa na alama ya kwanza aliyowahi kugonga, akiwa na miaka kumi na miwili, mistari imepinda, bila maneno chini yake, na Per mwenyewe alikata nalo miaka thelathini. Akalibana kwenye jiliwa la meza ya kazi. Akachukua tupa ya kusugulia chuma.

"Gunhild, hilo usilifanye," nikasema.

"Hii alama inasema nini sasa? Nambie. Mtu akiiona inamwambia nini?"

Akaanza kuifuta kwa tupa. Sauti ile ilinipita kwenye meno. Ilichukua muda mrefu, maana alikuwa ameigonga kwa kina, kama watoto wanavyoandika. Unga wa chuma ukaanguka kwenye aproni, naye akaukung'uta nje ya mlango.

Mwisho wa mwezi alihama. Haki ya nyumba ile aliiacha bila hata kuandikiana. Alipata chumba na jiko kwenye jengo la manispaa pale katikati ya kijiji, ghorofa ya pili, joto linakuja kwa bomba, hakuna pa kuchomea hata njiti. Nilimbebea masanduku. Mlangoni mfanyakazi wa jengo alikuwa keshabandika jina: G. Persson. Ndilo lililoko kwenye vyeti vyake. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

"Watakuita Persson," nikamwambia.

"Na waite. Nimehama shamba."

Nikasimama pale ukumbini na sanduku la vyombo, nikasema lile nililokuwa nimelifikiria tangu tulipovuka daraja. Nikasema mimi ni mjane, Bäcks ni pakubwa, na jina la Bäcks halijawahi kuuzwa sokoni.

"Emrik, we nawe. Nimefuta jina moja nikiwa na miaka sabini na minne, nianze jingine? Weka hivyo vikombe taratibu."

Nikaviweka taratibu.

Lakini theluji ya kwanza ilipoanguka, siku ya Alhamisi, nikamwona anashuka kwenye basi pale njia panda na shoka la baba yake limefungwa gunia. Hakusema kitu zaidi ya habari za asubuhi. Akaenda kwenye rundo langu la magogo akaanza kupasua. Akaja Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata, baridi kali hadi kope zinaganda. Nilipasua upande wangu na yeye upande wake, tukinywa kahawa katikati na kumsengenya Torbjörn, ambaye maboksi yake yalikuwa yakija na lori sasa.

Theluji ilipoyeyuka alikuja bila gunia. Shoka kalishika mkononi, na mfukoni katoa tindo na nyundo ndogo, akaviweka mbele yangu kwenye kigogo.

"Makali yamesimama?" akaniuliza.

Nikayapitisha kidole gumba. "Yamesimama."

"Umeona mwenyewe? Msimu mzima?"

"Nimeona. Kuni zote zile ndani ya banda ni shahidi."

"Basi gonga."

"Mimi? Mimi runi naandika kama kuku."

"Mtu hajitolei ushahidi mwenyewe. Gonga."

Nikagonga. Nilijipiga kidole mara mbili, nikamtukana Torbjörn mara zote mbili, na mistari ikapinda kuliko ile ya binti wa miaka kumi na miwili. *Per alinifua. Gunhild alinishika. Nimekata.* Ilinichukua asubuhi nzima. Nilipomaliza nikasogeza tindo juu, pale palipofutwa kwa tupa, ambapo alama ya nyumba hukaa, nikamuuliza niweke nyumba gani.

Alilichukua shoka mkononi mwangu, akalisoma kwa miwani, akasahihisha mstari mmoja kwa ukucha kana kwamba chuma ni nta.

"Hapo paache," akasema, akaenda kusubiri basi.